Vichupa vya muziki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Dodoma

Maswali haya yanatoka pande mbili. Kuna wanafunzi wa habari na sanaa wanaotakiwa kuchambua kichupa darasani, na kuna vijana wa Majengo, Chang'ombe na Nkuhungu wanaotaka kushuti wikiendi hii hii. Mara nyingi wanauliza kitu kilekile kwa maneno tofauti, ndiyo maana majibu yao yamewekwa pamoja.

## Mambo ya msingi

1. Kichupa ni nini, na kinatofautianaje na filamu fupi?

Ni picha zilizotengenezwa juu ya wimbo ambao tayari umekamilika. Kwenye filamu muziki huja mwishoni, ukashonwa kufuata tendo. Kwenye kichupa wimbo umeshatoka studio, urefu wake umeshajulikana, na picha zinakuta kiitikio kipo mahali pake. Dairekta wa filamu akiona tukio linadai sekunde kumi zaidi, anazipata. Wa kichupa hana wa kumwomba.

Matokeo yake, hadithi ya kichupa huwa na mapengo. Kila kiitikio kinaporudi, hadithi inabidi isimame au izunguke. Carol Vernallis, mtafiti wa Marekani aliyeandika kwa kina juu ya vichupa, anasisitiza hilo: picha huiga tabia ya wimbo, hurudia, hukatika, na hazimalizi kila zilichokianza. Kwa hiyo ukimwambia mtu "hadithi yako haieleweki", huenda hujakosoa kitu. Muulize kwanza kama wimbo wenyewe unasimulia.

2. Vilianza lini?

Kabla ya televisheni za muziki. Ufaransa ya miaka ya 1960 ilikuwa na mashine za Scopitone kwenye baa: unatumbukiza sarafu, unachagua wimbo, unamwona mwimbaji kwenye kioo. Kituo cha MTV kilianza kurusha matangazo Marekani tarehe 1 Agosti 1981, na kuanzia hapo kampuni za muziki za huko zikaona kichupa ni tangazo wasiloweza kulikosa. YouTube ilipokuja mwaka 2005, mlango wa kituo cha televisheni ukaacha kuwa mlango pekee.

Kwetu Tanzania, Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Bara ilisubiri hadi 1994. Kizazi cha kwanza cha Bongo Fleva kilijengwa na redio, na mashabiki walimjua msanii kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Bado kuna mashairi ya enzi hizo yanayochora kila kitu kwa maneno, kwa sababu hapakuwa na picha ya kusaidia.

3. Aina zake ni zipi?

Tatu kwa kawaida: cha utendaji (msanii anaimba, anacheza), cha hadithi, na cha dhana, ambacho kina wazo au mwonekano tu bila kisa. Vingi vinachanganya cha kwanza na cha pili. Usipoteze aya nzima ya mtihani kubishana kiko kundi gani.

4. Mimi nataka kushuti tu. Nadharia itanisaidia nini?

Itakusaidia kujua kwa nini unafanya unachofanya, ili siku bajeti ikikatwa nusu ujue cha kuacha. Asiyejua kwa nini kuna droni kwenye mpango wake ataacha taa na kubaki na droni.

## Goodwin na wenzake

5. Huyu Goodwin anayetajwa kila darasani alisema nini?

Andrew Goodwin, mtafiti wa muziki na televisheni, alichapisha kitabu chake juu ya televisheni ya muziki mwaka 1992. Orodha ya mambo sita mnayokariri imefupishwa na walimu kutoka kwenye kitabu hicho: kila aina ya muziki ina desturi zake za picha, kuna uhusiano kati ya maneno na picha, kuna uhusiano kati ya muziki na picha, kampuni inadai sura ya msanii ionekane na alama zake zijengwe, kuna suala la kutazama na kutazamwa, na kuna kurejelea kazi nyingine.

Orodha hiyo inafaa kuanzia. Inachoficha ni ugomvi uliokuwa nyuma yake. Miaka mitano kabla, mtafiti E. Ann Kaplan alikuwa ameisoma MTV kama mkondo wa picha zilizovurugika, kwa macho ya mtu wa filamu na usasabaadaye (fikra zinazotilia shaka hadithi moja iliyokamilika). Goodwin akamjibu kwamba vurugu hiyo inapungua sana ukikumbuka kuna wimbo. Fumba macho, sikiliza, halafu fumbua: picha iliyoonekana haina mpango inakaa sawa juu ya biti. Mimi niko upande wake, na majibu mengi yaliyobaki yanaegemea hapo.

6. Kuonyesha, kukuza na kupingana: tofauti yake ni nini?

Hizo ni namna tatu za picha kuhusiana na maneno ya wimbo. Chukua wimbo wa kubuni. Kijana anaimba kwamba amemngoja mpenzi wake stesheni mpaka treni ya mwisho imepita.

Ukimshuti stesheni ya Dodoma na begi, anaangalia saa, umeonyesha. Maneno na picha vinasema jambo moja. Si dhambi, ila mtazamaji akishaelewa kwenye ubeti wa kwanza, wa pili unakuwa mzigo.

Ukimshuti stesheni ya zamani ya reli ya kati, nywele zimeanza mvi, huku watu wanamsalimia kwa jina kama mtu wa pale, umekuza. Wimbo haukusema amengoja miaka. Picha ndiyo imesema.

Ukiacha treni kabisa ukaonyesha wanawake wanachuma zabibu Makutupora, mmoja wao akitabasamu peke yake, umepingana. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kupingana kunahitaji mtazamaji aweze kuunganisha mwenyewe: huenda yule dada ndiye aliyengojwa, na ameamua kutopanda treni. Kama hakuna njia yoyote ya kuunganisha, ujue umekosa picha tu ukaokoteza zilizokuwepo.

7. "Kuiona sauti" maana yake nini?

Goodwin anadai kwamba mtu akisikiliza muziki hujengeka picha kichwani hata kabla ya kichupa. Ngoma nzito ina rangi yake, filimbi ina yake. Kichupa kizuri kinakubaliana na picha hizo au kinazichokoza kwa makusudi.

Kwa mhariri jambo hili ni hesabu. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una pigo moja kila nusu sekunde. Kwa video ya fremu (picha mojamoja) 25 kwa sekunde, kipimo cha mapigo manne ni sekunde 2, yaani fremu 50. Kata pale na macho yanatulia.

Sasa chukua singeli ya mapigo 240. Pigo moja ni robo sekunde, fremu sita hivi. Mhariri mgeni anakata kila pigo kwa sababu biti ina kasi, na mtazamaji haoni sura, haoni mguu, anaona rangi zinapepesa. Wazoefu wanafanya kinyume: wanaacha shoti ikae mapigo manane au kumi na sita, na kasi inabebwa na miili iliyo ndani ya fremu. Mchezaji wa singeli anayetikisa mabega kwenye shoti moja ndefu ana kasi kuliko mikato ishirini. Ukataji wa harakaharaka uweke pale biti inapovunjika, na usizidi hapo.

8. Kwa nini sura ya msanii inarudi kila baada ya sekunde chache?

Kwa sababu kichupa kinauza vitu viwili, wimbo na mtu. Msomi wa filamu Richard Dyer, kwenye kazi yake ya 1979 kuhusu nyota wa filamu, alionyesha kuwa nyota ni taswira inayotengenezwa: mahojiano, picha, magazeti, na kazi yenyewe. Anatakiwa aonekane wa kawaida kama sisi na wa pekee kuliko sisi, vyote kwa pamoja. Ndiyo maana msanii yuleyule anakula mihogo ya kukaanga uswahilini kwenye ubeti wa kwanza na kushuka kwenye gari la kukodi kwenye kiitikio.

Kingine ni kwamba mwimbaji anatutazama usoni. Mwigizaji wa filamu akiitazama kamera amevunja kanuni, lakini mwimbaji asipoitazama tunadhani ana aibu. Yeye ni msimulizi na mhusika kwa wakati mmoja: anaachwa na mpenzi, halafu anageuka kutueleza ameachwa.

9. Mbona kila aina ya muziki ina vichupa vinavyofanana?

Desturi ni mkataba na shabiki. Taarab inataka ukumbi, mavazi ya kung'aa na watu wanaokwenda kutunza. Singeli inataka mtaa, duara la watu na vumbi. Bongo Fleva ya mapenzi inataka nyumba nyeupe yenye ngazi, ambayo humu mjini huwa ni ya kukodi kwa saa.

Lakini desturi iliyokomaa kuliko zote katikati ya nchi ni ya kwaya, na wasomi wetu wanaipita kama hawaioni. Sare mbili au tatu zinazobadilika kila ubeti. Hatua moja mbele, moja nyuma, mikono inapanda pamoja. Bustani, ngazi za jengo kubwa, mwamba, maji yanayotiririka. Mwimbaji kiongozi anatoka mstari wa mbele, na kamera inapita kwenye nyuso moja baada ya nyingine ili kila mwanakwaya aonekane, kwa kuwa kila mmoja ana ndugu atakayenunua au kusambaza. Hapo dai la sura ya msanii (swali la 8) limegawanywa kwa watu thelathini. Ukimweka kiongozi peke yake dakika nzima, utasikia malalamiko siku ya mazoezi.

## Kutazama na kutazamwa

10. "Mtazamo wa kiume" ni nini? Je, kila dada anayecheza kwenye kichupa anadhalilishwa?

Laura Mulvey, mwananadharia wa filamu, aliandika mwaka 1975 kwamba sinema ya Hollywood imepangwa ili mwanamume atazame na mwanamke atazamwe, na mtazamaji anakalishwa kwenye kiti cha mwanamume. Alizungumzia filamu, walimu wa vichupa wakaazima.

Kipimo hakiko kwenye urefu wa sketi. Angalia kamera imekata wapi mwili. Dada anaonekana uso, au kiuno tu? Ana jambo analolifanya kwenye kisa, au amewekwa kando ya gari kama taa zake? Anatutazama, au anatazamwa tu? Kuna vichupa ambavyo msanii wa kike anavaa atakavyo na kuitawala kamera toka mwanzo hadi mwisho, na kuna vingine watu wamejifunika na bado hakuna mwanamke hata mmoja mwenye sura.

11. Watu wawili wanaona kichupa kimoja na kuelewa tofauti. Nani yuko sahihi?

Stuart Hall, msomi aliyezaliwa Jamaika na kufanya kazi Uingereza, alieleza mwaka 1973 kwamba ujumbe hupakiwa na mtengenezaji na kufunguliwa na mpokeaji, na kufungua kuna namna tatu: kukubali maana iliyokusudiwa, kukubali nusu na kujadili nusu, au kuikataa.

Kichupa cha kijana anayemwaga noti kikichezwa saluni Sabasaba, kinyozi anasema jamaa kafanikiwa. Mteja anasema kafanikiwa, ila zile hela angemjengea mama. Mzee anayesubiri zamu anasema huyu anafundisha watoto wizi. Wote watatu wameona fremu zilezile. Kwenye uchambuzi wako usiandike "jamii inaona". Sema nani, na anaona kutokea wapi.

12. Kurejelea kichupa kingine ni ubunifu au wizi?

Ukirejelea unataka ijulikane. Ukiiba unaomba isijulikane. Kisheria ni habari nyingine. Angalia swali la 18.

## Kushuti Dodoma

13. Lokesheni gani zinafaa?

Kila mtu anaanza na mbuyu. Sawa, mbuyu ni mzuri, lakini vichupa vya mbuyu na droni inayozunguka vimejaa kiasi kwamba havisemi tena "Dodoma", vinasema "tulikuwa na droni". Uliza mbuyu unafanya nini kwenye wimbo. Kumbuka pia unabadilika: masika una majani, kiangazi uko uchi. Ukishuti nusu Februari na nusu Agosti, mtazamaji ataona ardhi ya kijani na ya kahawia ndani ya ubeti mmoja.

Mlima Simba una miamba na mji wote chini yake, na asubuhi watu ni wachache. Mabwawa ya Hombolo na Mtera yanatoa upeo mpana. Soko la Majengo lina rangi kuliko studio yoyote, ila wahi saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla hapajafurika. Michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, si ukuta wa nyuma wa kuegemea. Hakuna moshi wa rangi, hakuna kugusa, na ruhusa ya wahifadhi ni lazima.

Ukienda kijijini, pita kwa mwenyekiti kwanza. Salimia wazee "Mbukwenyi", eleza wimbo unahusu nini, na uwachezee kwenye simu. Wakishausikia, nusu ya kazi imeisha.

14. Picha zangu za mchana zina macho meusi kama mashimo. Kamera ni mbovu?

Hapana, ni jua. Dodoma iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linapita karibu wima juu ya kichwa, na miezi mingine haliko mbali sana. Paji la uso linatupa kivuli machoni.

Watu wawili washike shuka jeupe juu ya msanii, nje ya fremu, na wa tatu ashike kitu cheupe chini ya kidevu kurudisha mwanga. La sivyo shuti kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa kumi jioni. Na funga kipimo cha mwanga cha kamera kwenye uso. Ukiiacha ijipimie, itapima anga na vumbi jeupe, na ngozi nyeusi itazama gizani. Kwa sababu ya vumbi hilo, lenzi badilishia ndani ya gari, vioo vimepandishwa.

15. Vibali je?

Kupiga picha za filamu na video za biashara kunasimamiwa na Bodi ya Filamu, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976. Msanii mwenyewe anatakiwa asajiliwe BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Droni inahitaji usajili na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga pamoja na ruhusa ya Wizara ya Ulinzi, na huu ni mji wa Bunge, Ikulu ya Chamwino na ofisi za serikali za Mtumba. Usirushe kwanza ukaomba baadaye.

Maudhui nayo yana mipaka. Mwaka 2018 vituo vya utangazaji viliagizwa kuacha kupiga nyimbo kadhaa zilizoonekana kukiuka maadili, na baadhi zilikuwa za wasanii wakubwa.

16. Naweza kuweka ngoma ya Kigogo kwenye kichupa cha Bongo Fleva?

Unaweza, na mara nyingi inaharibiwa. Muheme ni ngoma ya wanawake wa Kigogo: wanabana ngoma kati ya mapaja na kupiga kwa mikono, miili yao ikisogea na mdundo. Kosa linalozoeleka ni kuwashuti hao mama wanapiga mdundo wao, halafu kuwabandika juu ya biti nyingine kabisa. Mikono inashuka, sauti haipo. Anayejua ngoma anaona mara moja, na kwa lugha ya swali la 7, umeua sauti iliyokuwa inaonekana.

Warekodi kwanza, mdundo wao uingie kwenye wimbo, ndipo ushuti. Hukwe Zawose, Mgogo aliyefariki 2003, alipeleka zeze (chombo cha nyuzi) na ilimba (cha vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole) kwenye majukwaa ya dunia bila kuvifanya pambo, kwa sababu vyombo hivyo ndivyo vilivyobeba wimbo. Na walipe kama unavyomlipa mchezaji wa mjini. Soda na nauli si malipo.

## Mambo ya pembeni

17. Msanii hataki kuonyesha uso. Bado ni kichupa?

Ndiyo. Kinyago, kivuli, mgongo, katuni: kukataa kuonekana nako kunajenga taswira, na wakati mwingine kunaijenga haraka zaidi. Ila kifanyike kwa mfululizo. Akijificha kwenye kimoja na kujianika kwenye kinachofuata, alama imekufa. Video ya maneno yanayopita juu ya picha moja nayo ni kichupa cha bei nafuu, na hakuna haja ya kuionea haya. Kilichotengenezwa kwa akili mnemba kipime hivyo hivyo: je, midomo, mwendo na mikato vinasikiliza wimbo? Vingi bado havisikilizi.

18. Kichupa ni mali ya nani?

Mashairi na muziki, rekodi ya studio, na picha zenyewe ni haki tofauti, na zinaweza kuwa na wenye tofauti. Kulipa dairekta hakukupi moja kwa moja kila kitu. Andikianeni kabla ya siku ya kushuti: nani anapakia, kwenye akaunti ya nani, nani anabaki na picha ghafi. Usajili na migogoro ya hakimiliki ni ya COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania.

19. Nishuti wima kwa ajili ya simu?

Ukishuti wima unapoteza upeo, unapata mwili mzima wa mchezaji. Kwa singeli ni faida tupu. Kwa kwaya ya watu thelathini ni balaa.

20. Ninataka mwendo wa polepole lakini midomo ifuate wimbo. Inawezekanaje?

Tengeneza nakala ya wimbo yenye kasi mara mbili. Msanii aimbe kufuata hiyo wakati unashuti kwa fremu 50, kisha cheza picha kwa fremu 25. Nywele, vumbi na nguo vitaelea, midomo itakaa sawa na wimbo wa kawaida. Afanye mazoezi nyumbani. Kuimba kasi maradufu mbele ya watu kunachekesha, na kicheko kinaonekana.

21. Tumeshashuti, prodyuza akabadilisha kasi ya wimbo. Turudie kazi yote?

Inategemea kiasi. Ukitoka mapigo 100 kwenda 104, wimbo wa dakika 3 na sekunde 28 unakuwa wa dakika 3 na sekunde 20. Ongeza kasi ya picha asilimia 4 na midomo itarudi mahali pake. Televisheni za Ulaya zilirusha filamu za fremu 24 kwa fremu 25 kwa miongo mingi, ongezeko karibu lilelile, na watazamaji wengi hawakulalamika.

Ukitoka 90 kwenda 105, hiyo ni zaidi ya asilimia 16, na mwendo wa msanii utakuwa wa vichekesho. Hapo rudia shoti za uso zenye kuimba tu, mahali palepale na nguo zilezile. Picha zisizo na midomo ziache kwa kasi yake ya awali. Hizo unazipanga upya juu ya biti mpya.